Mpunga Ulipoingia Japani, Haukupokewa Sawa Kila Mahali

Mwaka 1925 mtaalamu wa Kijapani, Yamanouchi Sugao, alichapisha makala fupi kuhusu kitako cha chungu. Chungu chenyewe kilitoka kwenye lundo la makombe la Masugatagakoi, huko Miyagi, kaskazini-mashariki mwa kisiwa kikuu cha Honshu. Kwenye kitako hicho palikuwa na kishimo kidogo chenye umbo la punje. Mfinyanzi alikuwa ameuweka udongo mbichi chini, punje ya mpunga ikanaswa, chungu kikachomwa, punje ikateketea, alama yake ikabaki. Kwa alama hiyo Yamanouchi akasema jambo lililokuwa zito wakati ule: watu wa Japani waliokuwa bado wanatumia zana za mawe walikuwa tayari na mpunga.

Habari karibu yote ya kilimo cha kale Japani imesimama juu ya ushahidi wa namna hii. Watu wenyewe hawakuandika lolote. Udongo mwingi wa visiwa vile una asidi, mifupa huoza mapema, isipokuwa pale ilipofukiwa kwenye makombe au mchanga wa pwani. Kinachobaki ni punje zilizoungua, chavua ya mimea iliyoganda kwenye matope, masizi ya mapishi kwenye vigae, na nyayo za watu waliopita shambani kabla mafuriko hayajazifunika. Nimekuwa nikifuatilia utafiti huu kwa muda mrefu, na kadiri ninavyousoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tumefundishwa vibaya kuhusu kilimo. Tuliambiwa binadamu aliwinda, akagundua mbegu, akalima, akajenga miji, kila hatua ikifuata nyingine. Katika Japani kilimo kilikuwa uamuzi. Ulifanywa mara nyingi, mahali pengi, na watu waliokuwa na sababu zao, na wengine walikataa kwa karne nyingi wakiwa wanakijua vizuri.

Wakazi wa visiwa hivyo kabla ya mpunga tunawaita watu wa Jomon, kwa sababu ya alama za kamba walizogandamiza kwenye vyungu vyao. Utafiti wa kisayansi juu yao ulianzishwa na Mmarekani Edward Morse, mwanazuolojia aliyefika Japani mwaka 1877 kutafuta viumbe wa baharini. Akiwa ndani ya treni kutoka Yokohama kwenda Tokyo aliona dirishani, pale Omori, ukingo uliokatwa kupisha reli, umejaa makombe. Baadaye mwaka huohuo akarudi na wanafunzi wake, wakachimba.

Vyungu vya Jomon ni miongoni mwa vyungu vya kale kabisa duniani. Masizi ya vigae vya Odai Yamamoto, mkoani Aomori, yamepimwa kwa kaboni na kuonekana kuwa na umri wa miaka kama 16,000, enzi ya barafu ikiwa bado haijaisha. Kwa muda mrefu wasomi walichukulia kwamba ufinyanzi huja na kilimo, kwamba mtu asiyelima hana haja ya chungu. Hapa vyungu vilitangulia majaruba ya mpunga kwa zaidi ya miaka 12,000. Mafuta yaliyonyonywa na kuta za vyungu vya mwanzo yamechunguzwa maabara, na mengi ni ya viumbe wa majini. Watu walichemsha samaki.

Kisha kuna Sannai Maruyama. Mkoa wa Aomori ulitaka kujenga uwanja wa besiboli, uchimbaji wa kuokoa mabaki ukaanza mwaka 1992, na kilichotoka ardhini kilikuwa kikubwa kiasi kwamba mwaka 1994 ujenzi ukasimamishwa. Palikuwa na mamia ya nyumba, maghala, makaburi yaliyopangwa kando ya njia, na mashimo sita ya nguzo, kila moja lenye upana wa mita mbili hivi. Ndani ya mashimo hayo kulibaki vipande vya magogo ya chesnati, mti unaozaa njugu za kuliwa, yenye kipenyo cha karibu mita moja. Watu waliishi pale kuanzia miaka kama 5,900 iliyopita hadi kama 4,200 iliyopita. Hebu tufikirie urefu wa muda huo: ni karibu miaka 1,700 ya kukaa mahali pamoja, bila punje moja ya mpunga.

Walikula nini? Samaki, sungura, ndege, matunda ya porini, na chesnati kwa wingi. Chavua iliyobaki kwenye udongo inaonyesha kwamba watu walipohamia pale msitu wa asili ulirudi nyuma na miti ya chesnati ikatawala kuzunguka makazi. Vinasaba vya chesnati zilizofukuliwa vinafanana kuliko vile vya miti ya kujiotea, dalili kwamba kulikuwa na mkono wa mtu aliyechagua na kutunza. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza Sannai Maruyama na maeneo mengine ya Jomon ya kaskazini katika orodha ya urithi wa dunia.

Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni maharage. Wachunguzi kama Obata Hiroki wa Chuo Kikuu cha Kumamoto na Nakayama Seiji wa Yamanashi wamezama katika kazi ileile ya kutafuta alama kwenye vyungu, sasa kwa mbinu bora zaidi. Wanamimina silikoni laini ndani ya kishimo, ikikauka wanaitoa na kuiangalia kwa darubini ya elektroni. Wanapata nakala ya mbegu iliyopotea maelfu ya miaka, pamoja na kovu la pale iliposhikamana na ganda lake. Kwa njia hiyo wamegundua kwamba katika milima ya katikati ya Honshu, yapata miaka 5,000 iliyopita, mbegu za soya na za azuki, maharage madogo mekundu, zilikuwa zimeanza kuwa kubwa kuliko za porini. Mbegu haziongezeki ukubwa hivihivi. Mtu anapanda, anavuna, anachagua, anapanda tena, na mtoto wake anafanya hivyohivyo.

Silikoni ileile imeleta pia mdudu. Ni fukusi, yuleyule anayetutia hasara maghalani leo. Alama zake zimekutwa kwenye vyungu vya kisiwa cha Tanegashima, kusini, vyenye umri wa zaidi ya miaka 10,000, wakati ambapo hapakuwa na nafaka ya kuhifadhi. Fukusi hao waliishi kwenye chesnati na mbegu za mialoni. Katika chungu kimoja cha Tatesaki, kwenye kisiwa cha kaskazini cha Hokkaido, walihesabiwa kwa mamia, wamekandwa ndani ya udongo, na wingi huo umewafanya wachunguzi wafikiri kwamba walichanganywa kwa makusudi. Kwa nini mfinyanzi afanye hivyo, sina jibu. Lakini fukusi ni ushahidi wa ghala. Watu hawa waliweka akiba ya chakula kutoka msimu hadi msimu.

Kwa hiyo kuwaita watu wa Jomon wawindaji na wakusanyaji tu, kana kwamba waliamka kila asubuhi wakitafuta bahati, ni kuwapunguza. Walitunza miti, walipanda mikunde, walijua kuziloweka na kuzichuja mbegu chungu za mwaloni hadi ziliwe. Walichokuwa hawana ni shamba la nafaka lililotawala maisha yao yote.

Tena walikuwa na majirani wakulima. Hili ndilo linalonifanya nirudi kwenye somo hili kila mara. Kule Tongsamdong, karibu na Busan, kusini mwa rasi ya Korea, zimepatikana punje za nafaka ndogo za jamii ya uwele zilizopimwa moja kwa moja na kuonekana kuwa za milenia ya nne KK. Katika eneo hilohilo kuna obsidiani, lile jiwe la kioo cha volkano, iliyotoka Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini-magharibi mwa Japani, na vigae vya Jomon. Kutoka pwani ya Busan hadi kisiwa cha Tsushima ni kilomita 50 hivi. Wavuvi walivuka na kurudi, walibadilishana mawe na vyungu, bila shaka walikaribishwa chakula. Waliona shamba. Na kwa zaidi ya miaka 2,000 baada ya hapo hatuoni mashamba ya nafaka yakishika mizizi upande wa Kyushu.

Ni nini kilichobadilika? Sehemu ya jibu ni idadi ya watu na mahali walipokuwa. Mwanaanthropolojia Koyama Shuzo aliwahi kukadiria, kwa kuhesabu maeneo ya kale, kwamba katikati ya enzi ya Jomon visiwa vilikuwa na watu wapatao 260,000, na mwishoni mwake walibaki kama 76,000. Makadirio haya yamejadiliwa sana, lakini mwelekeo wake unakubalika: hali ya hewa ilipoa, vijiji vikubwa vya katikati na kaskazini vikapungua. Hata hivyo kaskazini-mashariki ndiko kulikobaki na watu wengi na utamaduni wenye fahari, ule wa Kamegaoka, wenye vyombo vya laka nyekundu na sanamu za udongo zenye macho makubwa. Kusini-magharibi, Kyushu, watu walikuwa wachache na wametawanyika. Mpunga uliingia kupitia mlango wenye watu wachache.

Uliingiaje? Hapa tuende Fukuoka, mahali panapoitwa Itazuke. Mwaka 1978 wachimbaji, wakiwa tayari wanajua majaruba ya enzi ya Yayoi, ile iliyofuata Jomon, walishuka tabaka moja chini zaidi na kukuta majaruba mengine, yakiwa pamoja na vyungu ambavyo hadi siku hiyo vilihesabiwa kuwa vya Jomon ya mwisho. Palikuwa na mfereji mkuu, banio la nguzo za mbao la kupandisha maji, tundu la kuyaingiza na la kuyatoa, na matuta yaliyoimarishwa kwa vigingi na mbao. Juu ya tope palikuwa na nyayo za watu. Miaka michache baadaye, pale Nabatake katika mji wa Karatsu, mkoani Saga, yakapatikana majaruba mengine ya kale kiasi hicho, pamoja na punje zilizoungua, majembe ya mbao, visu vya mawe vya kukatia masuke, na mifupa ya taya za nguruwe ambao baadhi ya wataalamu wanaamini walifugwa.

Nimekulia Usangu, kwenye majaruba, na nilipoona michoro ya Itazuke kwa mara ya kwanza nilielewa kila mstari bila kusoma maelezo. Ukimuuliza mkulima wa kwetu ugumu wa mpunga uko wapi, hataanza na mbegu. Ataanza na zamu ya maji. Aliye juu ya mfereji akifunga, wa chini anakosa. Banio likibomoka, anaitwa kila mtu, mwenye jaruba kubwa na mwenye jaruba dogo. Mtu anayepanda soya kando ya nyumba yake anaweza kuamua peke yake na kuacha peke yake. Mwenye jaruba amejifunga kwa majirani zake. Naamini hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote lililotokea Kyushu, na ndiyo sababu watu wenye akili timamu waliweza kuujua mpunga na kuuacha. Waliona kazi, na waliona kifungo.

Jambo la pili ambalo Itazuke na Nabatake zinatuambia ni kwamba kilimo hiki hakikukua polepole papo hapo. Kilifika kikiwa kimekomaa. Mpunga wenyewe ulianza kutunzwa na kubadilishwa maelfu ya miaka kabla katika bonde la chini la mto Yangtze, China, ukapanda kaskazini hadi Shandong, ukaingia rasi ya Korea, na huko ukakutana na nafaka za nchi kavu. Visu vya mawe vya Nabatake, vyenye umbo la nusu mwezi na matundu mawili ya kupitisha uzi wa kushikia, ni vya Kikorea. Shoka za kuchongea majembe ni za Kikorea. Katika kijiji cha Etsuji, karibu na Fukuoka, kuna nyumba za duara zenye shimo katikati na nguzo mbili kandoni mwake, za aina iliyozoeleka kusini mwa Korea. Hata makaburi yalibadilika: jiwe kubwa juu ya mawe madogo, kama yale yaliyojaa upande wa pili wa mlango wa bahari.

Basi ni wageni waliofika na kuwafukuza wenyeji? Kaburi moja linalikataa jibu hilo jepesi. Pale Shinmachi, kwenye rasi ya Itoshima, chini ya mawe makubwa ya mtindo wa Kikorea, wamezikwa watu wenye nyuso pana na fupi na meno yaliyong'olewa kwa mila, sura na desturi za Jomon. Mmoja wao ana ncha ya mshale wa jiwe, nao ni wa aina ya Kikorea, umekwama kwenye mfupa wa paja. Huyu alikuwa mwenyeji aliyezikwa kwa mila ngeni na kupigwa kwa silaha ngeni. Nani alimpiga, hatujui. Lakini mtu huyu anaonyesha kwamba katika vijiji vya kwanza vya mpunga wenyeji walikuwemo, tena wakipewa mazishi ya heshima.

Vinasaba vimeongeza yao. Wajapani wengi wa leo wana sehemu ndogo tu ya asili ya Jomon, kama asilimia 10 hadi 20, huku Waainu wa kaskazini na watu wa visiwa vya Ryukyu vya kusini wakiwa na zaidi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 ulitenganisha asili tatu: ya Jomon, nyingine iliyoingia enzi ya Yayoi, na ya tatu iliyoongezeka baadaye, enzi ya makaburi makubwa ya Kofun. Kwa hiyo wahamiaji walikuwa wengi, lakini waliingia kwa muda mrefu. Ukichukua picha ya leo ukaitumia kueleza kizazi cha kwanza cha Itazuke, utakosea.

Muda wenyewe umegombewa vikali. Kwa miaka mingi ilikubalika kwamba kilimo cha mpunga kilianza Kyushu karne ya tano au ya nne KK. Mwaka 2003 Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Japani yakatangaza vipimo vipya vya kaboni, vilivyofanywa kwenye masizi ya vyungu vya mwanzo kabisa vya Yayoi, na mwanzo ukarudi nyuma kwa takriban miaka 500, hadi karne ya kumi KK. Wengine walipinga. Walisema masizi ya chungu kilichopikia samaki wa baharini huonekana ya kale kuliko yalivyo, na kwamba kati ya mwaka 800 na 400 KK mstari wa kulinganishia vipimo umelala bapa, kiasi kwamba tarehe zinachanganyika. Hoja zote mbili zina uzito. Mimi naona waliorudisha tarehe nyuma wana nguvu zaidi, kwa sababu tangu hapo vipimo vimeongezeka na mwelekeo haujageuka, japo karne kamili bado inabishaniwa.

Tarehe hizo zikikubalika, mengi yanabadilika. Zamani ilidhaniwa kwamba wakulima wa kwanza walikuwa na chuma. Sasa inaonekana majaruba ya mwanzo yalichimbwa kwa majembe ya mti mgumu wa mwaloni, yaliyochongwa kwa shoka za mawe, kwa karne kadhaa. Pia kuenea kwa mpunga, kulikoonekana kuwa kwa kasi, kunakuwa kwa kusitasita. Enrico Crema na wenzake walikusanya tarehe za punje za mpunga zilizoungua kutoka kila upande wa nchi, wakaonyesha mwaka 2022 kwamba mwendo ulitofautiana sana: mahali fulani mpunga ulikimbia, mahali pengine ulisimama vizazi kadhaa.

Ukitazama ramani unaona kusitasita huko. Kutoka Kyushu ulifuata pwani za Bahari ya Ndani hadi eneo la Osaka, ukiandamana na vyungu vya aina ya Ongagawa. Kwenye uwanda wa Osaka vijiji vya mpunga na vijiji vilivyoshikilia vyungu vya kale vilikaa jirani kwa muda. Ulipofika uwanda wa Nobi, karibu na Nagoya ya leo, ukakwama. Eneo la Kanto, ilipo Tokyo, lilichelewa hadi yapata karne ya tatu KK, lilipoanza kupata vijiji vikubwa vya majaruba kama Nakazato. Katika milima ya katikati watu walipokea kwanza nafaka ndogo za nchi kavu, maana hizo ziliweza kuingia kwenye maisha yao bila kuyapindua. Na masizi na mafuta ya vyungu yanaonyesha kwamba kufika kwa nafaka hakukubadilisha mara moja kilichopikwa. Nafaka ipo, alama zake zipo kwenye udongo, lakini chungu kinaendelea na mapishi ya zamani.

Kwetu pwani kuna kisa kinachokaribia hiki, na ni cha mpunga huohuo wa Asia. Huko Pemba, uchunguzi wa mbegu uliofanywa na Sarah Walshaw ulionyesha kwamba watu wa Tumbe, kati ya karne ya saba na ya kumi BK, walitegemea zaidi uwele, wakati wa Chwaka, kuanzia karne ya kumi na moja, ndio walioufanya mpunga kuwa chakula kikuu. Mpunga ulikuwa umeshafika kabla hawajaamua kuutegemea. Sitaki kulazimisha ulinganisho, kwa kuwa Pemba walikuwa wakulima tayari. Nataja tu kwamba chakula kipya huweza kukaa mlangoni karne nyingi.

Mpunga uliposhika, ulishika kwa nguvu. Toro, mkoani Shizuoka, iligunduliwa mwaka 1943 wakati wa kujenga kiwanda cha zana za vita, ikachimbwa baada ya vita, kuanzia mwaka 1947. Wajapani walioshindwa na wenye njaa waliona majaruba ya babu zao yakitoka ardhini, na maghala yaliyoinuliwa juu ya nguzo zenye mbao pana za kuzuia panya. Juu ya kengele moja ya shaba nyeusi ya enzi ya Yayoi pamechorwa watu wawili wamesimama na michi yao, wakitwanga katika kinu kimoja. Msomaji wa kwetu ataijua kazi ile mara moja, na hata mpigo wake.

Lakini ghala lililojaa linataka kulindwa. Vijiji vilianza kuzungushiwa mahandaki. Itazuke yenyewe ilikuwa na handaki mapema sana. Yoshinogari, mkoani Saga, iliyochimbwa kuanzia mwaka 1986, ina mahandaki mapana, dalili za minara ya ulinzi, na mamia ya watu waliozikwa ndani ya mitungi, mmoja wao bila kichwa. Pale Aoya Kamijichi, mkoani Tottori, mifupa zaidi ya 5,000 ilikutwa imetupwa kwenye mfereji, ya watu wasiopungua 100, na zaidi ya vipande 100 vina majeraha ya silaha. Katika mifupa ya Jomon alama kama hizi ni chache. Sisemi mpunga ulileta ubaya wa moyo. Mshale wa Shinmachi ni wa siku za mwanzo kabisa. Ila ardhi yenye mfereji na tuta ni mali isiyohamishika, na asiyeweza kuhama hubaki akapigana. Karne ya tatu BK waandishi wa China waliandika kuhusu nchi yenye wakuu, watumwa, masoko ya kubadilishana bidhaa, na malkia aitwaye Himiko aliyetuma wajumbe mwaka 239.

Wengi huishia hapo, kwenye malkia, na hivyo hupoteza sehemu ambayo kwangu ni ya maana kuliko zote. Ni kaskazini.

Tangu miaka ya 1950 Ito Nobuo wa Chuo Kikuu cha Tohoku alikuwa akisema kwamba hata Aomori, ncha ya kaskazini ya Honshu, watu wa kale walilima mpunga. Alikuwa na vyungu vyenye alama, na baadaye punje zilizoungua. Wengi hawakumwamini, kwa kuwa kule kuna baridi kali na theluji nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi za barabara katika kijiji cha Inakadate zikafunua Tareyanagi: vijaruba zaidi ya 600, vidogo vidogo, vimepangika, na nyayo za watu wazima na watoto juu ya tope. Kisha likapatikana shamba la zamani zaidi, Sunazawa, chini ya mlima Iwaki, la karibu karne ya nne KK. Mpunga ulikuwa umelifikia bonde hilo la Aomori, la Tsugaru, kabla haujashika vizuri Kanto, pengine kwa mashua kupitia bahari ya magharibi. Na wapokeaji walikuwa watu wa vyungu vya asili ya kaskazini, waliojifunza majaruba bila kuacha utu wao.

Wakalima kwa vizazi kadhaa. Sunazawa halikudumu. Tareyanagi lilifunikwa na mafuriko, hali ya hewa ikapoa, na baada ya hapo majaruba yanatoweka kaskazini kwa karne nyingi. Watu walirudi kwenye samoni, kulungu na misitu, pamoja na mila za jirani zao wa Hokkaido. Wapo wanaoandika kwamba kilimo kule kilishindwa. Mimi sioni sababu ya kutumia neno hilo. Watu waliojua kujenga mfereji na kusawazisha jaruba walipima mavuno dhidi ya baridi, wakaamua. Walikuwa na njia nyingine ya kuishi, nao hawakuwa wameisahau.

Visiwa vya Ryukyu navyo, kusini, viliendelea na miamba yao na samaki wao hadi kilimo kiliposhika yapata karne ya kumi hadi ya kumi na mbili BK. Hokkaido walianza kupanda nafaka za nchi kavu kwa upana zaidi kuanzia karne ya saba hivi, mpunga wakauacha. Mwaka 1873 mlowezi mmoja, Nakayama Kyuzo, alifanikiwa kuvuna mpunga unaovumilia baridi huko Shimamatsu, karibu na Sapporo, karne 28 hivi baada ya majaruba ya Itazuke. Leo Hokkaido ni miongoni mwa mikoa inayovuna mpunga mwingi kuliko yote Japani, na Inakadate, juu ya ardhi ileile ya Tareyanagi, wakulima hupanda miche ya rangi mbalimbali kila mwaka tangu 1993 kuchora picha kubwa ndani ya mashamba, na watu husafiri mbali kwenda kuzitazama.